Sava Imekufa, Njoo Kesho

 Najua nilipotea wiki mbili bila kuandika, mnisamehe. Nilikuwa nahangaikia habari moja ambayo mhariri kaitupa kapuni kwa kuwa eti haina mvuto. Basi naiandika hapa kwangu, maana hapa mhariri ni mimi.

Habari yenyewe ni hii. Niliingia ofisi ya chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Bariadi mjini. Jina nalihifadhi. Nilikuwa na shughuli nyingine kabisa. Kwenye benchi amekaa mzee mmoja wa upande wa Itilima, kitabu chake cha akiba kakifunga kwenye kitambaa. Anataka hela yake, ada ya mjukuu. Dada wa mapokezi anamjibu bila hata kuinua kichwa: "Baba, sava imekufa. Njoo kesho."

Nikamwuliza mzee hiyo kesho kaambiwa mara ngapi. Mara ya nne, anasema. Na kila mara ni nauli.

Nikaomba kukiona kile kitabu. Kurasa za mwisho ni tupu! Kwa nini? Kwa sababu wanachama walitangaziwa kwamba siku hizi hakuna haja ya kuandika kitabuni, kila kitu kiko kwenye kompyuta. Sasa kompyuta imekufa. Akiba ya mzee iko wapi? Iko ndani ya boksi la bati, chini ya meza, pembeni ya mashine ya fotokopi.

Fundi aliitwa kutoka Mwanza. Nilikuwepo alipolifungua. Vumbi la Bariadi mnalijua ninyi mliowahi kukaa huku mwezi wa nane. Humo ndani kulikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha, na mjusi mmoja mkavu. Diski inagonga tik, tik, tik kama saa ya ukutani. Kibandiko mgongoni kinasema 2013. Yaani boksi lilinunuliwa mwaka mmoja tu baada ya mkoa wa Simiyu kuzaliwa mwaka 2012, na tangu hapo hakuna aliyeligusa. Windows Server 2008 iliyomo humo, Microsoft waliacha kuihudumia Januari 14, 2020.

Meneja hana wasiwasi. Ana proforma mkononi ya sava mpya, bei yake ingenunua ng'ombe wengi. Nikamwuliza: na data? "Tutaingiza upya kutoka kwenye madaftari." Madaftari gani, jamani? Yale mliyowaambia watu wasiyaandike?

Hapo ndipo hasira yangu inapoanza.

Lile boksi lilikuwa na njia ya kuokolewa miaka mingi kabla ya kufa, na njia hiyo haikuhitaji zabuni. Inaitwa kuigeuza sava halisi kuwa mashine pepe. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na bati. Kwenye mashine moja nzima unaweka programu inayoitwa haipavaiza, na kazi yake ni kuidanganya mifumo unayoipandisha juu yake. Kila mfumo unadhani una prosesa yake, memori yake na diski yake, kumbe diski hiyo ni faili tu. Kugeuza maana yake unaisoma diski ya sava ya zamani mwanzo hadi mwisho, Windows, programu, hesabu, mipangilio, vyote, na kuviandika ndani ya faili hilo. Kisha unaliwasha. Linaamka likidhani bado liko chini ya meza na mjusi wake.

Sasa msiniambie haya ni mambo mapya ya wazungu. IBM walitoa mfumo wao wa VM/370 mwaka 1972. VMware walileta ESX Server mwaka 2001. KVM iliingia ndani ya Linux mwaka 2007, bure. Proxmox ilitoka Austria mwaka 2008, nayo bure. Mwaka 2009 Sysinternals walitoa Disk2vhd, kiprogramu kidogo ambacho kinaigeuza diski ya Windows kuwa faili wakati mashine inaendelea kufanya kazi. Bure pia! Kilichohitajika ni kompyuta moja nzima ya kupokea, diski ya nje, na fundi mwenye Jumamosi moja ya nafasi.

Kisingizio nilichokisikia mara nyingi zaidi hapa mjini ni hiki: programu yetu haihamishiki, aliyeitengeneza hapatikani, CD yake imepotea, nywila anaijua mtu aliyeacha kazi. Sikilizeni. Hiyo ndiyo sababu KUBWA ya kugeuza. Ukitaka kusimika upya ndipo unahitaji CD, fundi na nywila. Ukigeuza huhitaji chochote kati ya hivyo, maana hujengi nyumba upya, unaibeba nzima na paa lake. Anayesema programu yake ni yatima kwa hiyo aiache palepale ni sawa na anayesema mtoto hana wazazi kwa hiyo tumwache barabarani.

Ila nina ugomvi pia na upande wa pili, wale vijana wa Dar wenye tai na leptopu nyembamba. Wao wanauza mashine pepe kwa hesabu ya Dar: sava 5 zinaingia kwenye 1, unaokoa umeme, unaokoa nafasi, unaokoa kiyoyozi. Kiyoyozi kipi? Hapa kiyoyozi kiko kwa bosi. Ukichukua sava 5 za ofisi ya Bariadi ukazisukuma kwenye boksi moja bila nakala nje ya jengo, umechukua vifo vitano vya siku tofauti ukavifanya kifo kimoja cha siku moja.

Sisi wa huku tunaihitaji kwa sababu nyingine. Mashine ikishakuwa faili, INABEBEKA. Piga hesabu: faili la gigabaiti 500, kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, linachukua siku nne na zaidi ya nusu, na hapo hujakatikiwa umeme hata mara moja. Basi la asubuhi linapita Lamadi, linapita Magu, na kabla ya jioni diski yako iko Mwanza kwenye kabati la chuma. Kwetu basi lina kasi kuliko mtandao, na sioni aibu kulisema. Ila ifungwe kwa nywila, tafadhali, usimkabidhi konda akiba za watu zikiwa wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na haina msamaha kwa mizigo ya basi.

Kuna watakaosema weka kila kitu kwenye wingu, yaishe. Weka, sina neno. Kituo cha taifa cha data kipo Kijitonyama, nacho ni kizuri. Lakini mnakumbuka Mei 12, 2024? Nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu chini ya bahari, na nchi nzima tukakaa tunaangalia kiduara kikizunguka. Aliyekuwa na mashine zake nje ya nchi alimwambia mteja wake nini? Njoo kesho. Moja iwe hapa, nyingine iwe mbali.

Na kwa kuwa najua mtakimbilia kufanya bila kuuliza, yapo mambo machache ya kuangalia. Kama kuna hifadhidata, isimamishe kwanza, maana ukiinakili huku watu wanaingiza hesabu utapata picha iliyotikisika. Faili likikamilika, liwashe bila waya wa mtandao, la sivyo mashine mbili zenye jina moja zitagombana. Ya zamani usiitupe hata kidogo mpaka mhasibu afunge mwezi mzima kwenye mpya. Leseni ya Windows iliyokuja na boksi mara nyingi imefungwa kwa boksi hilo, kwa hiyo ulizia kabla. Tena ugonjwa unahama na mgonjwa! Windows ya 2008 iliyogeuzwa ni Windows ya 2008 bado, matundu yaleyale. Aliyesahau WannaCry ya Mei 2017 aulize hospitali za Uingereza. Itenge na intaneti.

Na msijifunge tena kwa kampuni moja. Broadcom walipoinunua VMware Novemba 2023, mwezi uliofuata wakaacha kuuza leseni za kudumu, ukawa mchezo wa kulipia kila mwaka. Meneja wetu na proforma yake ataweza?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Karani akipoteza faili la karatasi anaandikiwa barua, anajieleza, pengine anakatwa mshahara. Ofisi za umma zina Sheria ya kumbukumbu na nyaraka tangu 2002. Lakini bosi akiacha mashine yenye kumbukumbu za wanachama wote ife taratibu, mwaka hadi mwaka, inagonga kabisa watu wanasikia, hakuna barua. Anapewa sava mpya! Na picha anapigwa siku ya kuipokea.

Mzee aliniuliza, "Mwanangu, hiyo mashine ilikuwa na umri gani?" Nikamwambia zaidi ya miaka kumi. Akanitazama muda mrefu. "Dume la umri huo wewe unalisubiri life zizini?"

Sikuwa na jibu.

Jana nilipita tena. Katoni la sava mpya limefika, limewekwa palepale pa zamani, chini ya meza, pembeni ya fotokopi. Nikamwuliza dada wa mapokezi nakala ya pili itakaa wapi. Akacheka. "Kaka, wewe nawe na maswali yako. Si ni mpya?"

Mzee alikuwa kwenye benchi. Mara ya saba.