Umeme wa Mwili na Utata wa Neno "Joto"

Magazeti yetu hayachoki siku hizi kutangaza habari za bangili na vitambaa vinavyofua umeme kutokana na joto la mwili wa binadamu. Msomaji huahidiwa kwamba saa, vipimo vya mapigo ya moyo, na pengine hata simu, vitapata nguvu kutoka kwenye ngozi ya anayevivaa. Mwanafunzi wa Pap Onditi, kule Nyakach, akisoma hayo ana haki ya kufurahi. Kama umeme unatoka kwenye joto, nani atamshinda yeye?

Hapo ndipo lugha inapompoteza. Thomas Johann Seebeck alionyesha mwaka 1821 kwamba metali mbili zikiunganishwa, ungio moja likawa moto na jingine baridi, sindano ya dira iliyo karibu husogea. Kanuni ni hiyo hiyo katika saa ya Thermic ambayo Seiko iliiuza mwaka 1998, na katika vifaa vya leo, ambavyo upya wao ni kule kunyumbuka tu: vipande vidogo vya bismathi na teluri hupangwa juu ya utando laini unaoufuata mkono. Kinachozaa umeme si joto, bali ni tofauti ya halijoto baina ya pande mbili.

Tuchukue hesabu. Ngozi ina nyuzi 33 hivi. Alasiri ya Februari, hewa ya Pap Onditi hufika nyuzi 30. Kwa tofauti ya nyuzi 3, sheria za maumbile haziruhusu zaidi ya asilimia 1 ya joto linalopita katika kifaa kugeuka umeme, na vifaa vilivyopo hupata sehemu ndogo tu ya hiyo asilimia. Hata penye ubaridi, bangili hutoa miliwati chache. Simu inayochajiwa huhitaji miliwati 5,000 au zaidi. Panda genge hadi Nyabondo, kwenye hewa baridi, na bangili ile ile itatoa umeme mwingi kuliko huku uwandani. Kwenye joto jingi ndiko kwenye umeme haba!

Kiswahili cha kila siku hulitwika neno "joto" mizigo miwili: nishati inayohama, na kiwango kinachosomwa kwenye kipimajoto. Wataalamu walitupatia "halijoto" kwa huo mzigo wa pili, lakini neno hilo limebaki kwenye kamusi na utabiri wa hali ya hewa. Mwalimu wa sayansi hufundisha kwa Kiingereza, mwenzake wa Kiswahili hufundisha ngeli, na hakuna anayemtenganishia mtoto dhana hizo mbili katika lugha anayoitumia nje ya darasa. (Wanaodai kwamba istilahi ni anasa ya wanaisimu wangefanya vyema kuitafakari bangili hii.)

Tofauti kubwa ya halijoto haikosekani Nyakach: imo jikoni. Majiko ya BioLite, ambayo yameuzwa hata humu Kenya, hutumia kanuni ya Seebeck kuendesha feni na kuchaji simu, kwa sababu moto wa kuni huupita ubaridi wa hewa kwa mamia ya nyuzi. Naye Anthony Mutua, kijana wa Kenya, alipoonyesha mwaka 2012 kiatu kinachochaji simu, aliuchukua umeme wake katika mwendo, ambao haujali kama ni Pap Onditi au Nyabondo.