Msituandikie Tena "Programu Kumi za Kila Msafiri"

Kila msimu wa likizo orodha hizi hurudi kama mafua. "Programu kumi ambazo kila msafiri lazima awe nazo kwenye simu." Ramani ya Google ipo, WhatsApp ipo, Uber ipo, na programu ya kubadilisha fedha haikosekani. Juu kuna picha ya kijana mwenye begi mgongoni akitazama ziwa. Tunazisoma, tunazisambaza kwenye magrupu, tunapakua zote kumi usiku wa kuamkia safari, kisha tunalala tukiamini tumejiandaa.

Nasema orodha hizi zinatudanganya, na uongo wake unaanzia kwenye neno moja: "kila".

Hakuna "kila msafiri". Na huko tunakokuita "nje" si nchi moja. Programu ya simu si koleo, kwamba ukienda nayo Dodoma au Dubai itachota mchanga uleule. Programu ni mapatano. Ili ifanye kazi, kampuni iliyoitengeneza, serikali ya mahali ulipo, benki yako na mtandao wa simu lazima wawe wameelewana. Ukivuka mpaka umetoka kwenye mapatano yale na kuingia mengine, na hakuna aliyekuuliza.

Chukua Guangzhou, mji ambao watu wetu wanaujua bila kusoma orodha yoyote. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Kariakoo, Nairobi na Kampala wamekwenda huko kutafuta nguo, vipuri na vifaa vya simu; mtaa wa Xiaobei umezoea sura za Waafrika. Sasa mpe mmoja wao ile orodha ya programu kumi. Google iliondoa huduma yake ya kutafuta China bara mwaka 2010, na leo huduma zake zimezuiwa huko, ramani ikiwemo. WhatsApp imezuiwa tangu 2017. Uber iliuza biashara yake ya China kwa Didi mwaka 2016. Hata akipata njia ya kuifungua ramani ya Google, kanuni za China zinataka ramani zitumie vipimo vilivyosogezwa kwa makusudi, kwa hiyo alama yake inaweza kumwonyesha amesimama mamia ya mita kutoka alipo. Orodha imekufa kabla hajatoka uwanja wa ndege.

Zinazofanya kazi kule ni nyingine: WeChat ya kuongea, Alipay ya kulipa, Amap ya kutafuta njia, Didi ya teksi, 12306 ya treni. Lakini hata ukizijua majina bado hujamaliza. Kwa muda mrefu Alipay na WeChat zilimtaka mtu awe na akaunti ya benki ya China ndipo alipe kama wenyeji. Ni mwaka 2023 zilipofungua mlango kwa upana kwa kadi za kigeni. Hapo ndipo kuna mtego ambao orodha hazisemi. Benki yako ya nyumbani, kabla ya kuruhusu kadi iunganishwe, mara nyingi hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini yako ya nyumbani. Laini ile umeshaitoa, umeiweka kwenye pochi, umetia ya China. Namba imetumwa kwako nawe huipati. Fedha ni zako, zipo, na huwezi kununua bakuli la tambi. Noti ni halali, na sheria ya China hairuhusu muuzaji azikatae, lakini sheria haimpi mwenye kibanda chenji.

Kwa mtalii hilo ni tukio la kusimulia akirudi. Kwa mtu aliyebeba mtaji wake, na pengine wa dada zake wawili, mwenye siku saba za viza na mzigo unaosubiri malipo ndipo ufungwe, hayo ni maisha.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sisi tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Tumewaona wageni wakishika kadi zao zinazong'aa mbele ya mama anayeuza matunda, naye anawaonyesha namba ya kulipia kwa simu. Tunajua kwamba mgeni yule hawezi kulipa mpaka asajili laini kwa pasipoti yake. Tunajua kwamba programu tunayoiona ya kawaida kama maji ni mlango uliofungwa kwa asiye wa hapa. Kwa nini basi, tukisafiri sisi, tunasahau kwamba na wenzetu wana milango yao?

Mtaniambia programu hizi zimewakomboa watu. Ni kweli, na sipuuzi. Msichana anayefika mji mgeni saa sita usiku akaijua nauli kabla ya kupanda gari amepata kinga ambayo mama yake hakuwa nayo. Mfanyabiashara anayetafsiri maandishi ya kwenye boksi kwa kamera ya simu hamtegemei tena dalali wa kila neno. Lakini kwa sababu zina faida hiyo, ni kosa kuziorodhesha kivivu. Kinga ambayo haijajaribiwa haijawa kinga.

Wengine watasema kuna ramani zisizohitaji intaneti. Naam, na ninazipenda, hasa zile zinazotegemea OpenStreetMap. Dar es Salaam, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi walizunguka mitaa inayofurika na kuichora kwa mikono yao, na kazi yao mtu anaweza kuibeba kwenye simu bila bando. Lakini tazama ubora wa ramani ile umetoka wapi. Umetoka kwa watu waliopita kwenye vichochoro wakauliza majina. China, ambako kupima ardhi na kutengeneza ramani bila kibali ni kosa, usitarajie ukarimu uleule. Hata kilicho bora kwenye orodha kinasimama juu ya sheria ya mahali na miguu ya wenyeji.

Kwa hiyo maandalizi ya kweli hayaanzi kwenye duka la programu. Yanaanza kwa mtu: mpigie aliyerudi mwezi uliopita, au Mtanzania anayesoma huko, umuulize wao wanalipaje, wanapandaje gari, wanaongeaje na nyumbani. Unganisha kadi ungali sebuleni kwako, laini yako ikiwa hewani. Iache laini hiyo ndani ya simu na uulize mtandao wako gharama za kuitumia ukiwa nje. Kwa kawaida data ya laini ya nyumbani hupitia mtandao wa nyumbani, na WhatsApp iliyozuiwa inaweza kufunguka. Andika jina la hoteli kwa herufi za nchi ile, kwenye karatasi, kwa sababu karatasi haiishiwi chaji. Beba noti ndogo.

Nanyi mnaotuandikia, tuna haki ya kuwadai. Taja nchi. Taja mwezi uliokuwa huko. Sema ulilipa kwa kadi ya benki ya wapi na laini ya mtandao gani, na nini kilikataa. Ukishindwa kujibu hayo, hujaandika mwongozo wa msafiri. Umenakili tangazo la kampuni, na atakayelilipia ni mtu aliyesimama foleni ya treni Guangzhou huku simu yake ikizunguka tu.