KCSE: Masomo saba au nane kwa anayetaka udaktari?

Mwanafunzi wa Kakuma au Kalobeyei unayelenga udaktari, usidhani masomo nane yana uzito kuliko saba. Tangu 2023, gredi ya wastani ya KCSE hutokana na masomo saba: Hisabati, lugha moja na mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. La nane ni akiba tu, moja likianguka. Lakini kwenye udaktari huangaliwa Biolojia, Kemia, na Fizikia au Hisabati. Ukianguka hapo, akiba ya Historia haikuokoi. Kama vifaa vya maabara ni haba na usiku huna taa, saa za somo la nane zipeleke kwenye Kemia. Amua na mwalimu wako kabla ya kusajiliwa.