Ramani ya Matatu Nayo Ni Barabara

Leo nataka tuongee kuhusu vitu vitatu ninavyovipenda kupita kiasi: vifaa vya elektroniki, gemu za tarakilishi na usafiri wa mjini. Najua mtauliza mbona navichanganya kama githeri. Vumilieni kidogo, vyote vitakutana stejini.

Maoni yangu nayaweka wazi mapema ili asiyetaka ubishi aende zake. Nairobi haikosi barabara tu, inakosa taarifa. Kujua ni gari gani linaenda wapi, linapitia wapi, linasimama wapi na nauli ni ngapi ni sehemu ya barabara, sawa na lami, daraja na taa. Kwa hivyo taarifa hiyo ijengwe kwa pesa za umma na itunzwe kama lami inavyotunzwa. (Sawa, tuseme itunzwe kuliko lami inavyotunzwa.)

Mwenye gari anaambiwa, abiria anajitafutia

Tuanze na Expressway, ile barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ina urefu wa kilomita 27 na ilifunguliwa mwaka wa 2022. Kabla hujaingia unajua utalipa ngapi, kwa sababu ada zimepangwa kulingana na aina ya gari na umbali, na zilichapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Ukitaka, unabandika kifaa kidogo kwenye kioo cha mbele. Ukifika langoni, mashine inakisoma kwa mawimbi ya redio, pesa inakatwa kwenye akaunti yako na kizuizi kinainuka. Mimi kama mpenzi wa vifaa napenda sana kitu kama hicho. Kazi safi.

Angalia pia treni ya SGR. Madaraka Express ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwezi wa Juni 2017. Unakata tiketi kwa simu, unalipa kwa M-Pesa, unajua behewa lako, kiti chako na saa ya kuondoka. Hata ukiwa na ile simu ya mulika mwizi, msimbo wa USSD unakutosha.

Sasa njoo kwa matatu. Mtu ametoka Githurai, ana mahojiano ya kazi Ngong saa tatu asubuhi, na hajawahi kufika huko. Lazima ajue kwamba atashuka mjini, atembee mpaka upande wa Railways, atafute 111. Nani atamwambia? Atauliza mwenye kibanda cha magazeti, au makanga, au mpiga debe ambaye ana sababu zake za kumvuta kwenye gari fulani. Nauli? Inategemea saa, mvua, na pengine sura yako. Mvua ikinyesha kidogo tu, 50 inakuwa 100 kabla hujafungua mwavuli.

Ona basi mpangilio wenyewe. Mwenye gari la kibinafsi anapewa bei kamili mapema. Anayesafiri kwa treni anapewa saa kamili. Anayepanda matatu, ambaye ndiye wa kawaida katika jiji hili, anaambiwa "ingia tuende". Anayehesabu kila shilingi ndiye anayenyimwa hesabu. Mama anayempeleka mtoto kliniki akiwa na 200 mfukoni anahitaji kujua nauli ya kwenda na kurudi kuliko mwenye gari anavyohitaji kujua ada ya Expressway.

Gemu inatufunza nini

Kuna gemu inaitwa Cities: Skylines. Ilitengenezwa na kampuni ya Colossal Order ya Tampere, Finland, na ilitoka mwaka wa 2015. Wewe ndiwe meya: unajenga barabara, unaweka mitaa, unachora njia za mabasi. Wengi wanaoanza hufanya jambo lile lile. Msongamano ukitokea wanapanua barabara. Magari yanakimbia kwa muda, halafu msongamano unahamia makutano yanayofuata. Wanapanua tena, unahamia tena. Aliyewahi kuteremka Thika Road asubuhi anaielewa gemu hii bila kuicheza. Barabara ile ilizinduliwa mwaka wa 2012, ina njia nyingi za kupendeza, na bado ukikaribia mjini unapanga foleni.

Lakini somo ninalolipenda zaidi ni jingine. Ndani ya gemu ukibofya kituo cha basi unaonyeshwa watu wangapi wanangoja. Ukibofya njia unaona inabeba abiria wangapi. Huwezi kuiendesha njia usiyoiona. Tena ukiharibu unafungua faili uliyohifadhi jana, mji unarudi ulivyokuwa.

Nairobi haina faili ya jana. Mnamo Desemba 2018 serikali ya kaunti iliamua kuzuia matatu zisiingie katikati ya mji. Siku ya kwanza watu walitembea kutoka Ngara na Muthurwa wakiwa na watoto, mizigo na hasira, na marufuku hiyo ikasimamishwa upesi. Sisi wa programu tuna jina la kitendo kama hicho: kujaribu msimbo mpya moja kwa moja kwenye seva ya wateja. Afadhali kwanza ufanyie majaribio kwenye nakala. Na huwezi kuwa na nakala ya mfumo wa matatu kama hujui matatu zinapita wapi.

Kazi kubwa ilishafanywa

Habari njema ni kwamba kuna watu walishaonyesha njia. Mradi wa Digital Matatus uliwakutanisha Chuo Kikuu cha Nairobi, MIT na Columbia za Marekani, pamoja na kampuni ndogo ya Groupshot. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu zenye GPS na kurekodi kila njia na kila steji. Simu za kawaida, si mitambo ya setilaiti ya bei ya nyumba. Mwaka wa 2014 wakatoa ramani yenye njia zaidi ya 100, imechorwa kwa rangi kama zile za treni za chini ya ardhi za London. Mwaka wa 2015 data hiyo ikaingia kwenye Google Maps.

Kwa wenzangu wanaopenda kufungua mashine waone ndani, ufundi wenyewe ni huu. Data imewekwa kwa muundo wa GTFS, ulioanza mwaka wa 2005 wakati shirika la usafiri la Portland, Marekani, liliposhirikiana na Google. Mwanzoni ile G ilikuwa ya Google, baadaye ikabadilishwa maana yake iwe ya jumla. Usiogope jina. Ni mkusanyiko wa faili za maandishi zenye safu zilizotenganishwa kwa koma: moja ina orodha ya vituo na mahali vilipo, nyingine njia, nyingine safari, nyingine saa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuzisoma. Zikishakuwa katika muundo huo, programu yoyote duniani inayoelewa GTFS inaelewa na Kawangware.

Shida ni kwamba muundo huo ulibuniwa kwa mabasi yenye ratiba. Matatu inaondoka ikijaa, na kituo ni mahali popote ambapo abiria amegonga bodi akasema "shukisha". Timu ilibidi ikunje muundo ufanane na sisi: badala ya saa kamili unaweka makadirio kwamba gari hupita kila baada ya dakika kadhaa, na steji isiyo rasmi unaihesabu kama kituo kwa sababu watu wanaitumia. Hapo ndipo nilipowavulia kofia. Hawakuilazimisha matatu ijifanye basi la Ulaya. Waliangalia mji ulivyo wakaandika.

Lakini ramani ni picha ya siku ilipopigwa. Tangu 2014 barabara mpya zimejengwa, steji zimehamishwa, SACCO zimezaliwa na nyingine zimekufa. Data ya usafiri isipotunzwa inaoza, na iliyooza ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu inampeleka mtu mahali pasipo na gari saa mbili usiku. Utunzaji ndio kazi isiyopigwa picha. Waziri anakata utepe wa daraja, hakuna anayekata utepe wa faili la koma.

Mtasema haiwezekani

Nazijua hoja zenu. Ya kwanza: watu wa matatu hawataki teknolojia, si mnakumbuka kadi za nauli? Naam, tukumbuke vizuri. Mwaka wa 2013 Google na benki ya Equity walileta BebaPay, kadi ya kugusa kwenye simu ya kondakta. Kadi nyingine zikafuata, na serikali ikatoa amri kwamba kuanzia 2014 nauli isilipwe kwa pesa taslimu. Amri ikagonga mwamba na mwaka wa 2015 BebaPay ikafungwa. Watu wakasema matatu haziwezi kubadilika.

Sasa panda matatu leo. Ndani kuna namba imebandikwa, unatuma nauli kwa M-Pesa. Hakuna aliyelazimishwa. Kwa nini hii imeshika na ile ikakataliwa? Kwa sababu kadi ilimtaka abiria anunue kitu kipya, na pesa ilikaa mbali na mkono wa wafanyakazi. Siku ya matatu inaendeshwa kwa noti za papo hapo: mafuta, kuosha gari, mpiga debe, hesabu ya mwenye gari jioni, na yale mengine ya barabarani tunayoyajua. M-Pesa ilikuwa tayari mfukoni mwa kila mtu, na pesa inaonekana dakika hiyo hiyo. Teknolojia ikimfaa makanga, makanga ataibeba.

Basi taarifa itamfaa vipi? Abiria anayejua njia anakuja stejini mwenyewe, hahitaji kuitwa. Leo makanga anamlipa mpiga debe kwa kazi ya kupiga kelele kuhusu jambo ambalo lingeandikwa. SACCO mpya yenye gari safi na nauli nafuu haina njia ya kujulikana ila kupigania nafasi ya kuegesha. Orodha ya wazi ingewasaidia walio waaminifu kabla ya mwingine yeyote.

Hoja ya pili: si kila mtu ana simu ya kisasa. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi tutengeneze programu nyingine ya simu. Tuna programu za kutosha. Nasema tutengeneze data, iwe wazi, halafu kila mtu aitumie atakavyo: msimbo wa USSD kwa mulika mwizi, ubao uliopakwa rangi stejini, sauti kwa asiyeona. Data ni maji, programu ni kikombe.

Hoja ya tatu: nani atalipa? Kanuni za 2014 zinataka kila matatu iwe chini ya SACCO au kampuni ili ipate leseni kutoka NTSA. Kwa hivyo njia ya kupitishia taarifa hizi ipo tayari. Wakati wa kuomba au kuongeza leseni, SACCO itoe njia yake, steji zake na nauli yake ya juu kabisa, kwa muundo unaosomeka na mashine. NTSA iweke mtandaoni bila kufunga. Nauli ikipanda kupita ile iliyoandikwa, abiria awe na kitu cha kuonyesha, si kelele tu. Na wanafunzi wa vyuo wapewe simu na nauli kila mwaka wakakague kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Linganisha gharama hiyo na kilomita 1 ya barabara iliyoinuliwa kwa nguzo.

Dar es Salaam wana mabasi ya mwendokasi tangu 2016. Yana matatizo yake, waulize wanaosukumana Kimara asubuhi, lakini njia inajulikana na vituo vina majina. Sisi Thika Road tulichorewa mstari mwekundu wa njia ya BRT mwaka wa 2018. Mstari ulipauka, mabasi hatukuyaona. Sipingi BRT, ije hata kesho. Ninachosema ni kwamba hata ikija, abiria atashuka kwenye basi hilo na kutafuta matatu ya kumfikisha nyumbani, na swali litakuwa lile lile: inapita wapi, na ni ngapi?

Swali hilo lina jibu. Liko vichwani mwa makanga, mmoja mmoja, njia kwa njia. Kulitoa vichwani na kuliweka mahali ambapo mgeni, mgonjwa na mwanafunzi watalisoma ni kazi ya miezi, si ya miongo, na haihitaji mkopo kutoka nje.

Haya, nimemaliza, na ubishi unaruhusiwa. Niambieni: njia yenu ni namba ngapi, na mvua ikinyesha nauli inafika ngapi? Anzeni kuandika. Huenda faili la kwanza likaanzia hapo.