Kilomita Elfu Kumi Zilizopotea

Msikiti wetu uko pembezoni mwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro na kuendelea hadi Tunduma, nao umezoea wageni wa usiku. Malori huegeshwa ng'ambo, madereva huvuka kuja kutawadha, huswali Magharibi na Isha kwa kuchanganya na kupunguza kama sheria ilivyomruhusu msafiri, kisha hujinyoosha barazani wakingoja chai. Sisi wa kamati hufunga hesabu za sanduku la sadaka saa hizo hizo, na kwa hiyo husikia mengi ambayo hayakukusudiwa masikio yetu.

Wiki mbili zilizopita dereva mmoja wa makamo aliwatega wenzake. Lori lina matairi 10 yanayokanyaga barabara na spea 2. Limekwenda kilomita 60,000, na matairi yote 12 yamekuwa yakipokezana zamu hadi yakalingana. Je, kila tairi limekwenda kilomita ngapi?

"Elfu sitini," akajibu wa kwanza bila kuvuta pumzi. "Gari likienda, matairi yake yamekwenda."

"Pamoja na spea?"

"Spea nayo ilikuwa safarini, ina haki ya posho."

Baraza zima likacheka. Wa pili akagawa 60,000 kwa 12, akapata 5,000, akajiona amemaliza. Wenzake wakamuuliza kama hizo kilomita nyingine alikwenda kwa ringi tupu, na vipi askari wa usalama barabarani hawakumwona. Ndipo utingo mmoja, kijana aliyekuwa akipoza chai yake kimya, akasema kwamba kila kilomita moja ya lori huliwa na matairi kumi kwa pamoja. Basi kilomita 60,000 za lori ni kilomita 600,000 za matairi, na ukizigawa kwa 12 kila tairi linabeba 50,000.

"Dogo, hayo umesomea wapi?"

"Kwenye kufungua nati, mzee."

Tunakiri kwamba tulifurahi kupita kiasi, kwa kuwa hesabu ile ilitukumbusha darasa la mirathi. Aliyefariki akiacha mume na dada wawili wa baba na mama, mume ana nusu, dada wana theluthi mbili, na nusu na theluthi mbili hazienei katika kitu kimoja. Wanazuoni wakapandisha asili ya sita ikawa saba: mume akachukua tatu na dada nne, kila mmoja akapungukiwa kwa uwiano wake. Nafasi kumi za lori kwa matairi kumi na mawili ni ndugu wa mas'ala hayo. Tulitaka kulieleza hilo barazani, lakini tukaona aliyetega swali hacheki.

Alikuwa na karatasi mfukoni. Tajiri wake alinunua matairi 12 mapya akihesabu kwamba kila moja hudumu kilomita 50,000, hivyo lori lifike 60,000 kabla ya kuomba mengine. Dereva aliomba mapya lilipofika 50,000, kwa sababu yote kumi ya chini yalikuwa vipara. Jibu lililorudi lilimtaka aeleze kilomita 10,000 zimekwenda wapi, au thamani yake ikatwe kwenye mshahara kwa miezi minne. Neno wizi halikuandikwa, lakini mwenye kusoma alilisoma.

Tukamuuliza spea ziko wapi. Akaelekeza kidole ng'ambo ya barabara. Zote mbili zilikuwa zimefungwa chini ya bodi tangu siku ya kwanza, hazijawahi kushushwa, hata vinyweleo vya kiwandani bado vimo. Basi hesabu ikajifunga yenyewe: spea mbili zenye kilomita 50,000 kila moja ni kilomita 100,000 za tairi, na ukizigawa kwa nafasi kumi unapata 10,000 kamili. Kilichodaiwa kupotea kilikuwa kimening'inia palepale. Kosa la dereva lilikuwa kutozungusha matairi kwa zamu, na hilo alilikubali; hakuuza kitu. Madereva wakaongeza kwamba hata hesabu ya tajiri ni ya karatasini tu, kwani tairi la mbele haliliwi sawa na la nyuma, na mteremko wa Kitonga hausomi daftari.

Tukachukua kalamu tumwandikie barua ya maelezo. Hapo utani ukarudi, maana risiti ya duka iliandika "tyre" na karatasi ya mhasibu "tire", na mmoja akaapa kuwa moja ni la mbele na jingine la nyuma. Tulimweleza kuwa ni kitu kimoja: Waingereza wa leo huandika kwa y na Wamarekani kwa i, na hiyo ya i ndiyo iliyokuwa imezoeleka huko Uingereza kwenyewe kabla ya y kurudi katika karne ya 19. Dereva aliyezoea safari za Lubumbashi akasema kule huandikwa "pneu", na linapasuka vilevile. Barua tukaiandika kwa Kiswahili.

Tulipofika mahali pa jina, kalamu ikasimama. Leseni yake inasema Mohamedi, mkataba wa kazi Muhammad, kitambulisho Mohamed. Kwa herufi za Kiarabu jina hilo ni mim, ha, mim, dal, na hakuna wa kubishana. Kwa herufi hizi za Kirumi kila karani ana lake. Wenzake walicheka tena. Sisi hatukuweza, kwa kuwa mwaka jana tulimsindikiza mjane wa mtaa wetu katika ofisi moja mara tano, mafao ya mumewe yakiwa yamezuiwa kwa herufi moja tu, na watoto wakirudishwa shule kwa ada. Tulimweleza dereva habari hiyo mbele ya wote, tukamtaka aende kwa wakili akaape hati ya kiapo kwamba majina matatu ni ya mtu mmoja, angali hai na ana mkono wa kutia saini. Wawili waliokuwa wakicheka wakatoa leseni zao na kuzisogeza kwenye taa.

Alfajiri spea zilishushwa, zikapigwa picha pamoja na saa ya kilomita, na barua ikaondoka nazo. Siku ya nne tajiri alitupigia simu sisi wenyewe. Makato ameyafuta, na ameagiza matairi manane, si kumi, spea zile ziingie kazini. Dereva yuko Tunduma akingoja foleni. Kwa wakili bado hajaenda.