Bidoni la maji, jiwe na volti



Juma lililopita mama mmoja alinifuata mpaka mlango wa darasa, buletini ya binti yake mkononi. Fizike: pointi 4 juu ya 10. Akaniambia: "Madamu, nimekata shauri. Huyu mtoto atoke seksio ya siyansi, aende kujifunza kushona. Mambo ya kuran ni ya wanaume. Mimi siwezi kumsaidia, na baba yake amechoka kulipa minervali ya bure." Binti alikuwa nyuma yake, anaangalia chini.

Kushona ni kazi nzuri, sina neno juu yake. Lakini mtoto hapaswi kuacha somo kwa sababu ya swali moja ambalo hakuna mtu aliyemfafanulia vizuri. Nikamuuliza mama: "Kila asubuhi unabeba maji mara ngapi kutoka chini?" Akajibu: "Mabidoni mawili, mimi moja na huyu moja." Nikamwambia: "Basi somo hili unalijua. Kaa kidogo."

Sisi wa Bukavu tunaishi juu ya vilima, na ziwa liko chini. Bidoni la litra 20 lina uzito wa kilo 20 hivi. Ukilipandisha mita 50, kazi uliyofanya juu ya maji yale ni 20 mara 10 mara 50, yaani joule 10,000. Kazi hiyo imekwenda wapi? Haikupotea. Imebaki ndani ya maji kwa sababu yako juu. Ukiyaachia, yatashuka yenyewe, na yakishuka yanaweza kusukuma kitu. Hiyo ndiyo akiba ambayo daftari za watoto wetu zinaiita enerji potansieli. Ndivyo umeme wetu unavyopatikana kule Ruzizi: maji yanayotoka Ziwa Kivu yanashuka, yanazungusha mashine. Kituo cha Ruzizi II, kilichoanza mwaka 1989, kinatumiwa na Kongo, Rwanda na Burundi pamoja.

Sasa tuingie katika umeme. Ndani ya kila kitu kuna chaji, zingine chanya, zingine hasi. Zinazofanana zinakimbiana, zisizofanana zinavutana. Ukitaka kusogeza chaji chanya karibu na chanya nyingine, lazima usukume, kama unavyopanda kilima na bidoni. Kazi unayofanya inawekwa akiba. Ukiachia, chaji inakimbia na kurudisha kazi ile. Hiyo ndiyo enerji potansieli ya umeme.

Hapa wanafunzi wengi wanachanganya mambo mawili: akiba yenyewe, na volti. Volti ni kama urefu wa kilima. Mabidoni mawili juu ya kilima kile kile yana akiba mara mbili, lakini kilima hakikuongezeka. Vivyo hivyo, volti inasema kila coulomb moja ya chaji inabeba joule ngapi. Jiwe dogo la tochi na jiwe kubwa yote yana volti 1.5, kwa hiyo kila coulomb inatoka na joule 1.5. Jiwe kubwa lina coulomb nyingi zaidi tu, ndiyo maana linadumu. Ili kupata akiba, unazidisha chaji kwa volti. Basi.

Tujaribu kwa telefoni. Batri nyingi zinaandikwa mAh 4,000 na volti 3.7. Hizo mAh 4,000 ni coulomb 14,400. Zidisha kwa 3.7, utapata joule 53,000 na kidogo. Linganisha na bidoni letu la joule 10,000: telefoni iliyojaa ina akiba sawa na mabidoni matano yaliyopandishwa mita 50. Mama yule alicheka. "Kumbe wakati watoto wanamaliza batri kwa muziki, wanamwaga mabidoni yangu matano!" Ndiyo, mama, na bado hatujahesabu uzito wa mwili wako uliopanda pamoja nayo.

Swali lililomwangusha binti lilikuwa hili: elektroni inatoka mahali pa volti 0, inafika mahali pa volti 100. Je, akiba yake inapanda au inashuka? Aliandika: inapanda. Alifikiri vizuri kwa maji, kwa sababu anayepanda kilima anaongeza akiba. Lakini elektroni ni chaji hasi, na hapa mfano wa bidoni lililojaa hautoshi. Uzito unavuta tu chini, siku zote. Umeme unavuta na unasukuma pia.

Nikamuuliza binti: "Ukiwa ziwani, ukazamisha jiwe na bidoni tupu lililofungwa kifuniko, kisha ukaachia vyote viwili, inakuwaje?" Akajibu haraka: "Jiwe linashuka, bidoni linaruka juu." Nani alilisukuma bidoni? Hakuna. Kwa bidoni tupu, kupanda ndiyo njia rahisi. Kazi ni kulizamisha. Chaji chanya ni kama jiwe: yenyewe inakwenda kwenye volti ndogo. Chaji hasi ni kama bidoni tupu: yenyewe inakwenda kwenye volti kubwa, na ikifika huko akiba yake imepungua. Binti alinyamaza, kisha akasema polepole: "Basi inashuka." Inashuka, ndiyo.

Wamama, msidhani haya ni ya mtihani tu. Wakati wa mvua iliyopita, waya ulikatika kwenye avenu yetu, ukaanguka chini na kuua mbuzi wa jirani. Watoto walikimbia kwenda kuangalia. Mbuzi yule hakugusa waya. Alipita karibu tu.

Sababu ni hii. Ndege anakaa juu ya waya na hafi, kwa sababu miguu yake yote miwili iko karibu kwenye volti ile ile. Hakuna kilima kati ya mguu na mguu, kwa hiyo kuran haina sababu ya kupita mwilini mwake. Lakini waya ukianguka, udongo unaouzunguka unakuwa kama kilima: volti ni kubwa karibu na waya, inapungua kadiri unavyokwenda mbali. Ukitupa hatua ndefu, mguu mmoja uko juu ya kilima, mwingine chini, na kuran inapita ndani ya mwili wako. Kadiri hatua ilivyo ndefu, hatari inazidi. Ndiyo maana mnyama wa miguu minne anakufa upesi.

Kwa hiyo tufundishe nyumbani:

Waya ukianguka, kila mtu akae mbali, angalau mita 10, hata kama taa za mtaa zimezimika. Kuran inaweza kurudi ghafla.

Ukijikuta tayari karibu, usikimbie. Bana miguu pamoja, buruta hatua ndogo ndogo sana mpaka utoke.

Mtu akishikwa na kuran, usimguse kwa mkono. Kwanza ikatwe kuran, ndipo umsaidie. Tumekwisha kuzika watu wawili kwa ajali ya mmoja.

Nguo zenye maji zisianikwe kwenye waya wa umeme wala karibu nao.

Na kwa mama ambaye mtoto wake anasoma fizike: si lazima ujue Kifaransa cha daftari. Mkipanda kilima na maji, muulize maswali matatu. Akiba iko wapi sasa? Urefu wa kilima ni kitu gani katika umeme? Kwa nini bidoni tupu linapanda lenyewe? Akiweza kukueleza wewe, ataweza kumweleza mwalimu. Akishindwa, atajua mahali pa kurudia.

Mama yule alikunja buletini, akaiweka ndani ya kitenge. Hakusema amebadili shauri. Alisema: "Nitangoja mpaka mitihani ya muhula ujao." Mimi nilishukuru. Walipoondoka, niliwasikia njiani, mama anauliza: "Niambie tena ile ya bidoni tupu."

Tuonane juma lijalo.