Mechi za Kubuni na Hesabu za Kweli

Upo mchezo wa hesabu unaowapendeza wafuasi wengi wa kriketi duniani. Watu kadhaa hugawana kwa zamu wachezaji wa kweli, wa zama zozote, kila mmoja akaunda timu yake. Kisha timu hizo hupambanishwa kwa takwimu ambazo wachezaji hao waliziacha uwanjani. Mpira haurushwi wala gongo haliinuliwi. Wako watakaouona mchezo huo kuwa upuuzi wa watu wenye nafasi, tena wa kriketi, ambayo haijaenea katika vijiji vya Tanzania. Hukumu hiyo ni ya haraka. Katika darasa la sekondari huko Gulwe, wilayani Mpwapwa, mechi za kubuni zingeweza kufundisha uwezekano vizuri kuliko sarafu na dadu za vitabuni.

Achukuliwe Steve Tikolo wa Kenya, aliyecheza zaidi ya mechi 130 za kimataifa za siku moja, na wastani wake ukawa karibu mikimbio 29. Mwanafunzi anayeandika 29 kila Tikolo anaposhika gongo hajaiga mechi. Amenakili jedwali tu. Zipo siku Tikolo alizotolewa mapema, na zipo alizovuka mia. Njia iliyo sahihi ni kuandika alama za kila mechi yake katika kikaratasi, kuvitia vikaratasi vyote koponi, kuvichanganya, kuchomoa kimoja bila kutazama, kisha kukirudisha. Kila mchezaji awe na kopo lake. Darasa la wanafunzi arobaini laweza kurudia mechi ileile mara arobaini katika kipindi kimoja, na matokeo hayatafanana. Kutofanana huko ndiko somo lenyewe.

Njia hii si ya kitoto. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, akipata nafuu baada ya ugonjwa, alikuwa akicheza karata peke yake na kujiuliza ni mara ngapi mchezo ungefaulu. Hesabu ilipomwia nzito, aliwaza kwamba ingekuwa rahisi kucheza mara nyingi na kuhesabu matokeo. Wazo hilo, aliloliendeleza pamoja na John von Neumann, lilitumika katika utafiti wa nyuklia Marekani, na likapewa jina la Monte Carlo, mji wa kamari.

Mwenye kutegemea wastani peke yake asingeweza kamwe kueleza yaliyotokea Pune, India, tarehe 29 Februari 1996. Kenya ilipata mikimbio 166. West Indies, timu ya Brian Lara, Ambrose na Walsh, ikatolewa yote kwa 93. Kwa wastani Kenya ilipaswa kushindwa. Lakini mechi hiyo ikiigwa mara nyingi kwa vikaratasi, ushindi wa Kenya utajitokeza mara chache, na mara hizo chache si makosa ya hesabu.

Ugumu huja takwimu zinapokuwa haba. Timu ya Afrika Mashariki iliyoshiriki Kombe la Dunia mwaka 1975, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilicheza mechi tatu tu na kushindwa zote. John Nagenda wa Uganda alicheza mojawapo tu. Kopo lake lina kikaratasi kimoja! Kompyuta italikubali kopo hilo bila kunung'unika na kutoa majibu yenye desimali mbili, na desimali hizo zitakuwa uongo uliovaa nguo safi.

Sasa makopo yahamishwe kutoka uwanjani hadi mtoni. Reli ya Kati inapita Gulwe na kufuata bonde la Kinyasungwe kuelekea Kilosa, na reli mpya ya kisasa nayo ina kituo hapo. Mto huo kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, kisha hufurika ghafla. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu njia kati ya Kilosa na Gulwe hata safari za treni zikasimama kwa miezi. Tuta la reli halichukuliwi na wastani wa maji ya mwaka. Huchukuliwa na siku moja. Mhandisi anayepanga kimo cha daraja hana budi kufanya kama yule mwanafunzi: aiandike furiko kubwa la kila mwaka katika kikaratasi chake, achomoe mara nyingi, atazame ni mara ngapi daraja linazidiwa. Kumbukumbu zikiwa za miaka michache, yuko katika hali ya kopo la Nagenda, kwa kuwa furiko ambalo halijapimwa haliwezi kuchomolewa.

Jirani na Gulwe, huko Kongwa, Waingereza walianza mwaka 1947 mpango mkubwa wa karanga bila kumbukumbu ndefu za mvua za mahali penyewe. Uliachwa mwaka 1951, baada ya hasara ya mamilioni ya pauni.

Liko pia jambo ambalo wingi wa vikaratasi hauliponyi. Alama alizopata mchezaji dhidi ya warushaji dhaifu hazimwelezi mbele ya warushaji hodari. Vivyo hivyo maji yaliyopimwa wakati vilima vilikuwa na majani hayaelezi mto wa vilima vilivyo vitupu. Watafiti wa Mpwapwa walilipima jambo hilo tangu miaka ya 1930, wakalinganisha maji na udongo unaochukuliwa na mvua katika vipande vya ardhi yenye mimea na vile visivyokuwa nayo.

Kwa hiyo mwalimu anayekubali mchezo wa kriketi darasani asiishie kwenye kriketi. Shule yaweza kusimamisha kipimamvua mahali pa wazi, mbali na miti na paa, na wanafunzi wakakisoma kwa zamu kila siku saa tatu asubuhi, hata siku kavu, kwani sifuri nayo huandikwa. Mvua za uwanda wa kati huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Kopo la mwaka wa kwanza lingekuwa tayari kabla ya likizo ya Juni.